Pareto Usoni mwa Kemuma

Wewe unayesoma, ulimwona. Usiniambie hukumwona. Kama hukumwona Kemuma, ulimwona mwenzake: msichana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, amekaa mwisho wa benchi kanisani, kitambaa amekivuta hadi kwenye nyusi, kiganja kimefunika shavu kana kwamba jino linamuuma. Uliziona zile chunusi nyekundu, ukageuka ukatazama dirishani. Ukajiambia ni mambo ya ujana. Pengine ulicheka kidogo. Wengi walicheka, na mimi nawakumbuka kwa majina yao na mahali walipokuwa wamesimama, maana kichwa changu hakitupi kitu. Lakini nitaanza na mmoja ambaye hakucheka hata siku moja, na bado alimharibia kuliko wote waliocheka. Huyo ni mimi, Onchiri, kaka yake wa tumbo moja.

Mwaka ulikuwa 1971. Kwetu ni milimani Kisii, juu ya Ikonge, na siku hizo chai ilikuwa ya wachache waliopata miche mapema. Sisi wengine tulikuwa watu wa pareto. Kwa asiyeijua, pareto ni ua dogo jeupe lenye moyo wa manjano. Linachumwa kwa mkono, linakaushwa, kisha linapelekwa mbali kutengenezwa dawa ya kuua wadudu. Kila mtoto wa kwetu alichuma. Kemuma alianza akiwa na miaka sita, na wakati wa mavuno vidole vyake vilikuwa vikimwasha, vinatoka vipele katikati, mama anavipaka samli, kikapu kinaendelea kujaa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini vidole vya mtoto vinafura kila akishika ua lile. Hata mimi niliyejifanya kuuliza kila kitu.

Maana mimi ndiye niliyekuwa mwulizaji wa kijiji. Niliacha shule darasa la nne baba alipokwenda Kericho kwenye mashamba ya chai na kusahau njia ya kurudi. Nikapata kazi kwenye kikaushio cha pareto, kugeuza maua kwenye trei juu ya moto. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari na nyama. Nikiyapata yamelowa mafuta nayaanika. Nikajua mambo ya bei, ya ardhi, ya viongozi wanaokula jasho la mkulima. Mkutano wa ushirika haukuisha bila mimi kusimama, na wakubwa wakiniona nanyanyuka walianza kukusanya karatasi zao. Watu wakaniita mwalimu. Ubaya ulianzia hapo, kwa sababu nilikubali.

Kemuma ndiye aliyekuwa na kichwa cha kweli. Tangu darasa la tano hakuna aliyemshinda kwenye mtihani. Mwalimu Machogu, aliyewafundisha darasa la saba, alisema mbele ya wazazi, "Huyu msichana ataingia sekondari, mkitaka msitake." Katika mlima wetu wote hakuna msichana aliyekuwa ameingia sekondari. Mama yetu, Bosibori, alitoka kwenye mkutano ule akitembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa, hataki kitu kimwagike. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa mwezi wa Novemba tu.

Chunusi zilianza mwanzoni mwa mwaka huo. Kwanza tatu kwenye kipaji cha uso, halafu mashavu yote mawili, halafu kidevu. Nyingine zilikuwa ndogo zenye kichwa cheupe, nyingine ngumu, zimezama ndani, zinauma hata akitabasamu. Mama alifanya alichojua. Kwetu mtoto akitoka nyumbani na uso mkavu, wanawake wa kanisa humuuliza mama yake kama nyumba imefiwa. Kwa hiyo kila asubuhi ya Sabato mama alimshika Kemuma kidevu akampaka samli, na samli ikiisha vaselini, mpaka uso ukang'aa. Chunusi zilipozidi, akazidisha mafuta. "Ngozi imekauka ndiyo maana inapasuka," alisema. Alikuwa anampenda. Nataka hilo lijulikane. Kila kidole cha mafuta kilikuwa cha mapenzi, na kila kidole kiliziba uso wa mwanawe zaidi.

Shuleni ndiko kulikokuwa moto. Kulikuwa na mvulana anaitwa Ogari, mwana wa mwenye duka, ambaye hakuwahi kumpita Kemuma kwenye hesabu na hakumsamehe. Siku moja aliinua mkono.

"Mwalimu, naomba nihamishwe kiti."

"Kwa nini?"

"Kemuma amepanda mtama usoni. Ndege wakija nitajificha wapi?"

Darasa zima likalipuka. Ogari akaona ameuza, akaongeza mzigo. "Hizo ni za msichana anayetaka bwana! Apewe bwana, zitaisha kesho!"

Mwalimu Machogu alikuwa ameelekea ubaoni, chaki mkononi. Hakugeuka. Kemuma aliniambia baadaye kwamba alimwangalia mwalimu mgongo, akingoja, na akaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka pia.

Toka siku hiyo Kemuma hakuinua mkono tena. Alihamia nyuma. Wanawake kisimani wakaanza kunong'ona kwamba mtoto wa Bosibori ameshaanza mambo ya wanaume, uso wenyewe si unasema? Mtoto hata hakuwa na muda wa kuangalia mwanamume, alikuwa akisoma huku anachuma pareto, kitabu kimefungwa kwenye leso kiunoni. Lakini nani aliuliza?

Wiki mbili kabla ya mtihani alinifuata kikaushioni. Alisimama mlangoni, hakuingia kwenye mwanga.

"Onchiri, mtihani tunafanyia Ikonge. Shule nne pamoja."

"Najua. Utawaonyesha."

"Sitaenda."

Nikaacha trei. "Unasema nini wewe?"

"Watoto wa shule nne, wote wananitazama hivi? Kalamu itashikika kweli? Kama uso huu hautaisha, sitaenda. Bora nibaki nichume pareto." Kisha akaniambia neno ambalo hadi leo likinijia natafuta mahali pa kukaa. "Wewe unajua vitu vingi. Nitafutie dawa."

Ningesema sijui. Maneno mawili tu, "dada, sijui." Lakini mtu aliyezoea kuitwa mwalimu, neno hilo linamkwama kooni. Nikamvuta kwenye mwanga, nikabonyeza chunusi moja ya shavuni kwa kucha zangu mbili. Akalia. Ikatoka kitu chembamba, cheupe, kimejikunja.

"Unaona?" nikasema. "Ni mdudu. Uso wako una wadudu. Mdudu anauawa. Utaenda Ikonge ukiwa safi, mimi nakuambia."

Akacheka. Miezi mingi sikuwa nimemsikia akicheka.

Nilikwenda Kisii mjini kutafuta dawa ya kuua mdudu huyo. Niliingia kwa Salat, duka la Waislamu karibu na soko, kwa sababu walikuwa na rafu nzima ya sabuni na krimu. Mke wake, Bi Mariam, ndiye aliyekuwa dukani. Nikamweleza. Akaniangalia, akatabasamu.

"Mwanangu, mdudu gani? Hakuna mdudu hapo. Hizo ni chunusi. Binti yangu Dahabo alijaa uso mzima, ukimwona leo huamini."

"Alipaka nini?"

"Maji ya uvuguvugu na sabuni nyepesi, asubuhi na jioni, basi. Mafuta mazito nilimkataza. Na mikono! Nilikuwa namchapa vidole akizibonyeza. Ukibonyeza unazitia jeraha, alama haitoki tena."

"Ziliisha kwa siku ngapi?"

"Siku?" Akacheka. "Miezi, baba. Zinataka subira. Zikiwa kubwa zinauma, mpeleke hospitali wamtazame."

Nikamwonyesha sabuni moja kwenye rafu, yenye picha ya mwanamke mweupe kama karatasi. "Hiyo je?"

Akaisukuma nyuma zaidi. "Hiyo sikuuzii. Mume wangu analeta, lakini mimi simpi mtoto wa mtu. Inachubua."

Sasa sikiliza nilivyowaza, wewe unayedhani ujinga ni wa wasiosoma. Niliwaza: mfanyabiashara gani anakataa kuuza? Nilikuwa nimesoma magazeti yote yale, nilijua jinsi mkulima anavyofichwa bei ya haki, anavyofichwa ukweli. Nikasema moyoni, hawa wana dawa yao, wanawapa binti zao, sisi wa milimani wanatuambia maji na subira. Yule mama alikuwa amenipa bure, kwa mdomo wake, kitu pekee cha kweli nilichosikia mwaka mzima. Nikatoka bila hata kumuaga, nikapanda mlima nimekasirika.

Na njiani, nikiwa na hasira hivyo hivyo, nikapata jibu langu. Pareto. Kwa nini nitafute dawa ya wadudu kwa watu wa mjini wakati inatoka mikononi mwetu? Kikaushioni nilikuwa nimeona mende akipita juu ya vumbi la pareto anapinduka, miguu juu. Dawa ilikuwa yetu wenyewe, na sisi tulikuwa wajinga wa kuiuza. Nilijiona mjanja kiasi kwamba nilipanga kuisema kwenye mkutano wa ushirika.

Jumapili asubuhi, siku mbili kabla ya mtihani, nilitwanga maua makavu mpaka yakawa unga, nikachanganya na samli ya mama ili ishike. Nikampaka Kemuma mwenyewe, kipaji, mashavu, kidevu, mpaka chini ya macho. Mama alisimama pale.

"Onchiri, una hakika?"

"Mama, nimeisoma." Sikuwa nimeisoma popote.

Nikamwambia Kemuma asioshe mpaka jioni. Akakaa kwenye kigoda nje ya jiko, kitabu cha hesabu mapajani. Saa nne akaniita.

"Inachoma."

"Ndiyo wanakufa," nikamwambia.

Saa sita akaita tena. Machozi yalikuwa yanachimba mifereji kwenye ule unga. "Onchiri, inachoma sana."

"Vumilia. Unataka kwenda Ikonge au hutaki?"

Akavumilia. Msichana aliyetaka shule hivyo, ungemwambia avumilie makaa angevumilia. Alishika kingo za kigoda kwa mikono miwili akanyamaza mpaka jua likateremka, na mimi nilipita mbele yake mara kadhaa nikiwa nimeridhika.

Tulipoosha, ngozi ilikuwa nyekundu, imejaa malengelenge. Mama alipiga yowe moja tu, kisha akaziba mdomo. Jumatatu uso ulikuwa umefura mpaka pua imepotea, macho yamefumba kabisa, na maji yanachuruzika mashavuni. Leo najua kwamba mwili wake ulikuwa umeikataa pareto tangu zamani, kupitia vidole. Leo najua.

Jumanne alfajiri aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyejaza pamba mdomoni, "Nipeleke."

"Huoni, Kemuma."

"Jicho moja linafunguka nikilivuta. Nipeleke."

Nikamshika mkono, leso kichwani, tukashuka hadi Ikonge. Watoto wa shule nne walikuwa uwanjani, wamepanga mistari. Tulipoingia getini upepo ukapeperusha leso. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Ukoma!" Wakatawanyika kama kuku walioona mwewe.

Msimamizi wa mtihani akaja, mgeni, hatukumjua. "Huyu ana nini? Anaona?"

"Naona, mwalimu," Kemuma akasema. Akainua kidole, akavuta kope ya jicho la kulia, akamwangalia kwa ule ufa. "Naona. Nipe karatasi."

Yule mtu alirudi hatua moja. Akamgeukia Mwalimu Machogu, aliyekuwa amesimama na wanafunzi wake. "Ni wako huyu? Unamjua?"

Hapo palikuwa pa kusema. Machogu angesema, ni mtoto wangu bora, si ukoma, mpeni kiti peke yake, nitamsomea maswali mimi mwenyewe. Angeomba, akataliwe angalau mara moja. Alitazama viatu vyake.

"Mrudishe nyumbani," Machogu akaniambia mimi, hakumwambia Kemuma. "Atarudia mwakani."

Kengele ikalia. Tulisikia benchi zikivutwa ndani. Kemuma alisimama pale uwanjani, kidole bado kimeshika kope, mpaka mlango ukafungwa.

Hakurudia mwakani. Uvimbe ulishuka baada ya wiki tatu, lakini uliacha mabaka meusi na mashimo pale nilipobonyeza na pale malengelenge yalipopasuka. Mama alimsihi. Mimi sikuthubutu. Shule ilifunguliwa Januari, akaamka mapema, akavaa sare, akafika mlangoni, akarudi chumbani, akaivua sare. Machogu hakuja kumuuliza. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Nimeutembea mwendo huo nikihesabu hatua, ili nijue ni hatua ngapi alizokataa kupiga.

Shangazi yetu wa Tabaka ndiye aliyemchukua. Kule wanachimba yale mawe laini ya kuchonga, wanaume wanachonga, wanawake wanalainisha. Kemuma akapewa beseni la maji na msasa. Kazi yake ikawa kukaa ameipa mgongo barabara, akisugua sanamu za mawe hadi uso wa jiwe uwe mwororo, bila hata kovu moja, ndipo wafanyabiashara wazipeleke kwa watu wa mbali.

Miaka mitano ilipita. Mwaka 1976 niliungua mkono kikaushioni. Nilikuwa safarini Mosocho kidonda kilipoanza kutoa usaha, nikaingia zahanati iliyokuwa karibu. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa msichana wa shule, kiganja shavuni. Nesi aliitwa Jemimah, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni.

"Toa mkono nione. Nani kakuambia ufiche? Hizi? Hizi hata mimi nilikuwa nazo. Sikiliza, ngozi yako ina vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu kinatoa mafuta. Ukifika umri wako mwili unaamka, mafuta yanakuwa mengi, yanashikana na ngozi iliyokufa, kitundu kinaziba, kinafura. Si uchafu. Si uhuni. Si kutaka bwana, mwambie anayekwambia hivyo aje aniambie mimi."

"Na mdudu?" msichana akauliza. "Ukibonyeza anatoka mdudu mweupe."

"Mdudu wapi! Ni mafuta yako mwenyewe yameganda. Yaache. Osha mara mbili kwa siku, taratibu, usisugue kama sufuria. Mafuta mazito achia miguu. Hizi kubwa nitakupa dawa, na urudi nikuone. Zitachukua muda, lakini zitatulia."

Nilisahau mkono wangu. Maneno yalikuwa yale yale ya Bi Mariam. Nilitoka kwenye foleni bila kutibiwa, nikaenda Tabaka siku hiyo hiyo.

Kemuma alikuwa kwenye beseni lake. Alikuwa na miaka ishirini sasa. Nilichuchumaa mbele yake, nikamwambia yote, ya nesi, na ya Bi Mariam pia, ambayo nilikuwa nimemficha miaka mitano. Hakuacha kusugua.

"Kwa hivyo hakukuwa na mdudu."

"Hakukuwa."

"Na yule mama wa dukani alikuambia. Kabla."

"Aliniambia."

"Maji na sabuni." Akachovya jiwe kwenye maji, akaliinua, akalitazama. "Ningeenda Ikonge na chunusi zangu, Onchiri. Ungeniambia tu ni kawaida, kwamba watu wote wa umri wangu wanapata, ningeenda. Ningekaa nyuma, lakini ningeenda. Nilichotaka ni mtu wa kuniambia."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Hayo ya msamaha baadaye. Bonareri!" Mtoto wa shangazi akatoka jikoni, miaka kumi na mitatu, sare ya shule, uso unang'aa samli, na kwenye kipaji, chini ya mng'ao ule, chunusi tano au sita. Alipoona mgeni anamtazama, kiganja kikapanda shavuni.

"Mwambie huyu," Kemuma akasema. "Mwambie yote uliyoniambia. Sasa hivi, mimi nikisikia."

Nikamwambia. Nilisema kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, na palipokuwa na kitu nisichokijua nikasema sikijui, tutamuuliza nesi. Kemuma akamwaga maji machafu ya mawe, akajaza beseni upya, akamsogezea na kipande cha sabuni.

Sasa niko kwako. Huna haja ya kufikiri zaidi, na usiniambie utafanya Jumapili. Katika nyumba yako, au darasa lako, au benchi la nyuma la kanisa lako, kuna mtoto ambaye leo asubuhi amepaka kitu usoni na hujui ni nini. Mwite. Mwambie huo si ugonjwa wa aibu, ni mwili wake unakua. Mwondolee samli, mwondolee kucha, mpe maji na sabuni nyepesi, na zikimuuma mshike mkono mwende hospitali, siyo kwa mjuaji wa kijiji. Kama wewe ni mwalimu na mvulana mmoja anamcheka, mnyamazishe mbele ya wote, uso wako ukiwa umewaelekea. Yuko hapo anasubiri mtu aseme. Nyanyuka, kamwambie.